Hirizi za stori zenu ni nyepesi mno

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi stori za ulimwengu wa kubuni ambazo vijana wanaandika siku hizi na nyinyi mnazichapa wikendi. Mimi nazisoma zote na nazipenda kwa kweli ila kuna kitu kinanikera. Kila stori ni yale yale, shujaa anakutana na ajuza porini, anapewa hirizi, anaivaa shingoni, mishale inadunda, kwisha maneno. Haimgharimu chochote, haina mwiko hata mmoja, yaani yeyote akiiokota inamfanyia kazi. Hiyo si kinga bana, hiyo ni silaha ya kwenye gemu.

Sisi huku pwani ya Kenya tuna fingo jamani, kinga inayozikwa ardhini! Wamijikenda wanasimulia kwamba wazee wao walitoka nayo Singwaya, kwao kwa asili huko kaskazini, wakaja wakaizika ndani ya kaya, yaani kijiji cha mababu ndani ya msitu, na wanaojua ilipo hasa ni wazee wachache tu. Haivaliwi na mtu, inalinda kaya nzima, na inashikiliwa na miiko: miti haikatwi ovyo, watu hawagombani humo, na ukivunja mwiko unatozwa mnyama wa kutakasia. Ukienda Kaya Kinondo kule Diani leo hii unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla hujaingia na unaambiwa mapema usitoke na kitu, hata jani. Ndo manake ile misitu bado imesimama na pembeni kote ni mashamba na mahoteli, mpaka mwaka 2008 UNESCO ikaziweka kaya kwenye urithi wa dunia. Gede nako, kwenye magofu ya mji wa kale, wachimbuaji walikuta vyungu vya fingo vimefukiwa kwenye nyumba za wenyewe, na inasemekana kila chungu kina jini wake, mwenye nia mbaya akiingia anarukwa na akili. Sasa hapo mwandishi anakosa nini?

Halafu kuna 1914. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyeongoza watu kumpinga Mwingereza, alikuwa ameshawalisha watu kiapo, wanawake kile cha mukushekushe na wanaume kile cha fisi, na mambo yalifanyikia Kaya Fungo. Mwingereza hakuishia kumkamata mama wa watu, alirudi akailipua kaya yenyewe kwa baruti. Fikiria, dola nzima inapoteza baruti kwa msitu na kaya ya wazee! Adui wa namna hiyo, anayeelewa kwamba nguvu ya watu imezikwa ardhini na sio shingoni mwa mtu mmoja, mimi sijamwona kwenye stori hata moja mliyochapa.

Kwa hivyo vijana wajiulize, mzee wa mwisho anayejua ilipozikwa akifa usiku bila kumwonyesha mtu itakuwaje, na mwana wa kaya akiuza mti kwa siri, pigo linamwangukia yeye au watoto wa jirani? Sisemi waichukue fingo yenyewe kama ilivyo, siri za wazee ziachwe kwa wazee, na majina wabuni yao na miji yao, lakini kinga iwe na watunzaji, iwe na miiko, na ikivunjwa iume.

Na wewe mhariri, waalike wazee wa kaya, wale watakaokubali, waongee na hao waandishi kabla ya stori zijazo, na nauli ya wazee itoke kwenu.

Msomaji wenu,
Kilifi