Kabla hujaagiza gi, niambie kwanza unacheza nini

Juzi mama mmoja kanirudishia gi ya mwanae, ile nguo ya kuchezea judo na karate, imechanika kuanzia kwapani mpaka kiunoni na haijamaliza hata mwezi. Nikamuuliza, kwani dogo anacheza nini? Judo. Sasa kwenye meseji alikuwa kaandika tu "gi nyeupe, karate, miaka 11", nami nikashona hivyo hivyo. Kosa langu pia, sikuuliza, ndo maana naandika hapa.

Watu wanaona zote nyeupe, zote zina mkanda, wanajua ni kitu kimoja, na kusema kweli kufanana huko hakukuja hivi hivi. Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Kano Jigoro, na hii nguo ilianzia kwake. Karate kwao ni Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na zamani watu walijifua na nguo zozote, wengine kifua wazi. Mwaka 1922 mwalimu wa karate Funakoshi Gichin akatoka Okinawa kwenda kuonyesha karate Tokyo, Kano akamkaribisha kwenye dojo lake, yaani ukumbi wa mazoezi, la Kodokan, na baadaye karate ikachukua nguo ya judo, mikanda nayo ikafuata. Kwa hiyo gi ya karate ni mdogo wake gi ya judo, sema huyu mdogo kakonda.

Kakonda kwa sababu karate ni ngumi na mateke, nguo inatakiwa nyepesi ikuache uruke, na kamba za ubavuni zinatosha kuishika. Judo ni kukamatana. Mwenzio anakunja kola na mkono wa gi, anakuvuta, anakubwaga, dakika nzima mnaning'iniana, kwa hiyo kitambaa chake ni kile kizito chenye punje punje kama mchele, kola nene, magotini na mabegani tunaweka kitambaa mara mbili. Hicho kitambaa naagiza, kwa hiyo ukiniambia Ijumaa mashindano Jumamosi utanionea bure.

Jujitsu ya Brazil nayo ni ukoo huohuo, Maeda, mcheza judo wa Kodokan, alifika Brazil 1914 na familia ya Gracie ya huko ikajifunza kutoka kwake, ila gi yao inabana zaidi mwilini, ndo maana wa judo akivaa hiyo kwenye mashindano refa anaweza kumrudisha akabadilishe. Taekwondo ya Korea wala haifunguki mbele, ile ya mashindano unaivalia kichwani, shingo yake ni ya V. Capoeira ndo rahisi kuliko zote, suruali nyeupe inayovutika basi, mchezo wa watumwa wa Kiafrika kule Brazil, uliwahi kupigwa marufuku kabisa na sheria ya 1890.

Ukiagiza nitumie mchezo, urefu, uzito, na kama klabu yenu ina rangi yake. Pamba tupu inarudi ikifuliwa, mimi naachia kidogo mikononi na miguuni, lakini ukiiloweka kwenye maji ya moto na jiki usinipigie simu!

Yule mama nimemshonea nyingine, kalipia kitambaa tu. Ile iliyochanika nimeitia kiraka na kuipunguza, maana kumbe dogo ana dada yake wa miaka 8 na yeye ndo anacheza karate.