Risala ya wachora katuni wa klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi wetu, shikamooni, na nyie kidato cha nne mnaotuaga leo, mambo vipi. Mgeni wetu karibu sana, tulivyosikia unafundisha fizikia chuoni tumefurahi mno, maana haya tunayoyasoma hapa yanakuhusu kabisa.

Sisi tunachora katuni za kuchekesha za sayansi na kufikiri, tunazitupia mtandaoni. Tunachora kwa penseli kwenye daftari, mlezi wa klabu anapiga picha kwa simu yake, tunapaka rangi kwa programu ya bure halafu tunapunguza ukubwa wa picha ili hata mwenye kabando kadogo afungue. Boksi 4 basi. Kuchora siyo kugumu hivyo, kazi ipo kwenye boksi la mwisho, pale kichekesho na sayansi lazima vifike pamoja, kichekesho kikiwa peke yake watu wanacheka wanapita, sayansi ikiwa peke yake inakuwa notsi za darasani.

Wahusika wetu ni Kiulizo, mtoto wa darasa la sita, na Shangazi yake ambaye meseji yoyote ikiingia anafowadi. Wengi hapa mnaikumbuka ile meseji ya kuzima simu kuanzia saa 6:30 usiku mpaka 9:30 eti miale ya kosmiki, yaani chembe ndogo zenye kasi kubwa kutoka anga za mbali, inapita karibu na dunia, na wakaibandika jina la NASA, shirika la anga la Marekani, ili iaminike. Shangazi kafunika simu kwa sufuria. Kiulizo anamwambia miale hiyo inatufikia mchana na usiku miaka yote, na anga pamoja na usumaku wa dunia vinatukinga na sehemu kubwa. Boksi la mwisho Shangazi anadai simu yake haraka, awaambie watu wasizime tena, na safari hii anauliza kwanza, "Wewe umejuaje?" Hilo swali ndilo tunalolitafuta kwenye kila katuni, na tumempa Shangazi alitamke kwa makusudi.

Yaani mgeni rasmi, sisi tumekubaliana hatumcheki mtu aliyeamini kitu, tunacheka hoja yenyewe. Hapa tunamfikiria Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa mwanafunzi Magamba sekondari aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka, na baadaye akiwa Mkwawa Iringa akamuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, wakamcheka tena. Osborne yeye alienda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Kicheko cha namna ile kinaweza kumnyamazisha mtoto moja kwa moja, sisi hatutaki katuni yetu ifanye hivyo kwa mtu yeyote, awe mama muuza genge au mwanafunzi wa mwisho darasani.

Na stori ya Mpemba tumeichora yote, pamoja na sehemu ambayo baadhi ya wasomaji hawakuipenda, kwamba mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo na hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto yanawahi kupoa mpaka nyuzi joto 0, wakaonyesha hata kusogeza kipimajoto kama sentimita 1 kunaweza kubadili majibu. Mabishano bado yapo. Tuliandikiwa kwamba tunamvunjia heshima Mtanzania mwenzetu, ila sisi tunaona swali lake kuendelea kupimwa miaka yote hii duniani ni heshima kubwa sana.

Changamoto zetu ni vifaa, simu ni moja na mlezi naye anaihitaji, na tunachora baada ya prepu wakati umeme mara nyingi unakatika. Tunaomba tableti moja yenye kalamu yake. Tunaomba pia, na hili kwetu ni kubwa kuliko tableti, utusomee katuni kabla hatujazirusha, utuambie wapi fizikia haijakaa sawa, hata kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Ya wiki ijayo inahusu radi na kioo cha kujitazamia, kwa nini nyumba nyingi wanakifunika mvua ikinyesha. Mchoro uko tayari, tunakukabidhi pamoja na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.