Barua kwa Mwanangu: Kengele ya Samaki

Tanga,
20 Aprili

Mwanangu Zuhura,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, na mdogo wako anakusalimu sana. Juzi uliponipigia saa tatu za usiku ulisikia tukinong'ona kana kwamba kuna mgonjwa ndani, nami nikakujibu kwa haraka kwamba tunatazama samaki. Ulicheka, kisha salio likaisha. Basi leo nakueleza kwa kituo.

Katika mji wa Utrecht, nchini Uholanzi, kuna mfereji wa kale wenye lango liitwalo Weerdsluis, ambalo hufunguliwa kwa mkono ili mashua zipite. Kila majira ya kuchipua, maji yanapoanza kupata joto, samaki hupita mjini humo wakitafuta maji ya kina kifupi ya kutagia mayai. Lakini msimu huo mashua ni chache, lango hukaa limefungwa, nao hurundikana mbele yake wakawa windo jepesi la ndege. Mwaka 2021 wenyeji waliweka kamera chini ya maji, wakaiunganisha na intaneti, na kwenye tovuti wakatia kitufe cha kengele. Mtu yeyote duniani akimwona samaki hubonyeza, picha hunaswa, na samaki wakiwa wengi mlinzi wa lango hujulishwa ili awafungulie.

Video fupi unazonitumia hunichekesha, wala sikuombi uache kuzituma, lakini huisha kabla sijazishika vizuri. Hapa ni kungoja. Kwetu huwa tumeshaswali Isha, ilhali kwao jua bado halijazama, na mwanga wa jioni hushuka ndani ya maji ya kijani yenye chembechembe zinazoelea. Kwa muda mrefu huoni kingine, ila pengine konokono anayejikokota juu ya kioo cha kamera, tumbo lake likijikunja na kujinyoosha karibu kabisa na jicho lako. Jumanne iliyopita mdogo wako alikwisha kusinzia begani mwangu, mara kikatokea kichwa kirefu chenye mdomo bapa, kikafuatiwa na ubavu wenye mabaka, samaki akasimama pale bila kutikisa chochote isipokuwa mapezi. Nilibonyeza kengele hata kabla ya kumwamsha mtoto. Alipofumbua macho jambo la kwanza aliuliza kama wamemfungulia. Nikamwambia tungoje, nasi tukangoja mpaka yakabaki maji matupu.

Wewe unayesomea kompyuta utafurahi kujua kwamba starehe za namna hii zina asili yake. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, watafiti walichoka kuacha kazi zao na kwenda kwenye birika la kahawa wakalikuta tupu, wakalielekezea kamera ili kila mmoja alione kutoka mezani pake. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa mtandaoni, na watu wa mabara mengine, ambao wasingeonja kahawa ile hata tone, wakawa wanaitazama, hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001 na birika likanadiwa na kununuliwa na tovuti ya jarida la Der Spiegel la Ujerumani kwa pauni 3,350. Mimi nawaelewa wale watazamaji. Kuna raha ya pekee katika kuchungulia jambo dogo la kila siku la watu walio mbali, ukajua kwamba wakati huohuo mwingine naye anachungulia. Na kengele ya Utrecht imeongeza juu ya raha hiyo kwamba mtazamaji anaweza kusaidia.

Msimu bado unaendelea, na saa za Uholanzi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu kwa sasa. Jumamosi, ukishamaliza kula, fungua tovuti hiyo saa tatu, nasi tutakuwa tumeifungua hapa. Ukimwona samaki kabla yetu, bonyeza kwanza, kisha ndipo upige simu.

Akupendaye daima,
Mama yako