Zuhura, jina lako liandikwe

Mwanangu Zuhura,

Hapa nyumbani hatujambo, na bibi yako amepata nafuu. Tangu uliponiambia kwamba makala ya utafiti wenu itatoka kwa jina la profesa peke yake, wewe utajwe kwenye shukrani, sijapata usingizi wa maana. Ukasema, "Mama, ndivyo mambo yanavyokwenda." Yanakwenda kwa faida ya nani?

Tasnifu yako nimeimaliza. Najivunia, sifichi; shangazi yako nimemsomea kurasa nzima. Lakini ndiyo iliyonitia uchungu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba Sabina Spielrein, yule daktari wa maradhi ya akili, alitoa makala mwaka 1912 kuhusu uharibifu kuwa chanzo cha uhai mpya. Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, akaja na silika ya mauti, yaani msukumo wa ndani unaomvuta mtu kwenye kifo, mwaka 1920, na yule mama Freud akamtaja kwenye tanbihi tu: kwamba mengi alikwisha kuyatangulia, ila hayamwelei sawasawa. Tanbihi, Zuhura! Na karatasi zake zilipopatikana Geneva mwaka 1977, watu wakashughulikia mapenzi yake na Jung, aliyekuwa daktari wake, kuliko alichokiandika.

Habari za tasnifu ya Spielrein ya 1911 nimezirudia. Msichana wa miaka 18 analazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli mwaka 1904, anatoka, anasomea udaktari mji ule ule wa Zurich, kisha anamsikiliza mwanamke mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, ambaye maneno yake wengine waliyaona hayana kichwa wala miguu, na anayatafutia maana. Mimi nimestaafia wodi ya akili. Wapo waliokuwa wakisema vile usiku kucha, nasi tukiandika kwenye faili "anaropoka", tukapita kitanda cha pili. Ningeyajua haya zamani!

Na Bertha Pappenheim je? Matibabu ya kuzungumza, mgonjwa apone kwa kusema yaliyo moyoni, aliyapa jina yeye, akiwa mgonjwa wa daktari Breuer. Kitabu cha 1895 chenye kisa chake kikatoka kwa majina ya Breuer na Freud, yeye akafichwa kwa jina la Anna O. Siri ya mgonjwa hulindwa, hilo nalijua, nami nimezilinda nyingi. Lakini huyu alikuja kufungua nyumba ya kuhifadhi wasichana na watoto wao huko Neu-Isenburg mwaka 1907, akapambana na wafanyabiashara wa wasichana, na hadi leo wengi wanamjua kwa jina lile la mgonjwa tu.

Sasa wewe. Nani aliyelala kwenye baridi ya Lushoto kuwahoji wale kina mama? Nani aliyetafsiri maneno yao kutoka Kisambaa? Tangu utotoni ukinyang'anywa kitu unaachia, halafu unakwenda kulia chooni. Mwandikie profesa kabla hujapanda ndege, tena kwa barua pepe, siyo kwa mdomo. Mshukuru kwanza, amekufundisha mengi, kisha mweleze kila ulichofanya na tarehe zake. Madaftari yako ya mahojiano usimwachie mtu. Piga picha kila ukurasa. Akikasirika, atapoa. Jina lako liwe juu, pamoja na lake.

Sweta la bluu nimelifua, kaka yako atakuletea Jumamosi pamoja na ubuyu. Dagaa nimewakaanga wakavu, uwafunge vizuri wasinukie kwenye sanduku. Fundi bati hajarudi na mvua zimeanza; zile pesa ulizotuma nimempa nusu, nusu atazipata akimaliza upande wa jikoni. Hiyo barua ya profesa nitumie nakala kabla kaka yako hajaondoka, nami niisome.

Mama yako