Usinunue plagi kabla hujaisoma injini

Isevya, Tabora

Shoga yangu Mama Zawadi,

Hujambo wewe, Baba Zawadi na watoto? Huku sote wazima, ila vumbi la msimu huu halimwachi mtu. Hongera sana kwa pikapu. Niliposikia umeinunua kwa fedha yako mwenyewe ya mawese na dagaa, nilipiga kigelegele hapa dukani kwangu kwa spea mpaka wateja wakauliza kuna harusi ya nani.

Sasa, ule ujumbe wako wa "nitumie plagi nne za pikapu" nimeupata, na plagi, hivyo vya kupiga cheche ndani ya injini, sijatuma. Usinune. Nimeona nikuandikie barua kwa sababu maneno ni mengi na simu ya huko kwenu Kibirizi, Kigoma, kila mara inakatikia katikati ya sentensi. Tena nataka umpe fundi wako aisome mwenyewe, halafu karatasi ibaki humo humo garini.

Hapa kaunta kila siku anakuja mtu kuniambia anataka plagi za pikapu, kana kwamba pikapu ni jina la injini. Chukua Hilux ya Toyota peke yake. Ikiwa namba ya modeli inaanza na LN, hiyo ni familia ya L, dizeli: 2L, 3L, 5L. Ikianza na RN ni familia ya R, petroli, kama 22R ambayo wazee wa tumbaku huko Urambo bado wanaipenda. YN ni injini za Y, RZN ni za RZ, na hizi za karibuni zenye TGN ni za TR. Bodi kwa macho yako zinaweza kufanana kabisa, lakini chini ya boneti kila moja ina mambo yake. Kwenye 22R ukisimama pembeni unaziona waya zinavyoingia ubavuni mwa silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini. Kwenye 2TR hutaona waya hata mmoja wa plagi, kwa sababu kila plagi imezama ndani ya kisima juu ya injini na imefunikwa na koili yake, kile kifaa kinachopandisha umeme wa cheche. Mpaka ufungue bolti ya koili, uivute, ndipo uingize soketi ndefu.

Na wenye dizeli ndio wanaonichosha zaidi. Yupo kaka mmoja aliyekuja na LN106 akataka plagi, nikamwambia gari lako halina. Akadhani namnyima. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, haihitaji cheche. Vile vinavyoonekana kama plagi nyembamba kwenye silinda hedi ni hita plagi, kazi yake ni kupasha moto chumba cha kuwakia kabla hujapiga stata. Ukiona mabomba membamba ya chuma yanatoka kwenye pampu kwenda kila silinda, acha kabisa habari ya plagi, hizo ni nozeli.

Haya, tuje kwako. Umesema nyuma pameandikwa Datsun na kadi inasema Nissan. Hapo hakuna utata. Datsun ni jina ambalo Nissan walilitumia kwa magari yao mpaka miaka ya 1980, na pikapu za modeli ya 720 zilitoka wakati huo huo wa kubadilisha majina. Nissan wana tabia moja nzuri: jina la injini lina ukubwa wake ndani. Herufi ni familia, tarakimu ni lita. NA20 ni petroli ya lita 2.0, KA24 ni lita 2.4, TD27 ni dizeli ya lita 2.7. Kwa hiyo ukiipata herufi na tarakimu zake mbili, nusu ya kazi imekwisha.

Lakini umenipa mambo mawili yasiyopatana. Aliyekuuzia anasema injini ni "ishirini na nne", na kwenye kadi ya gari ya TRA umesoma ujazo wa 1952, yaani sisi, karibu lita mbili. Hivyo haviwezi kuwa kweli vyote viwili. 1,952 ni ujazo wa Z20. Z24 ni 2,389. Ama muuzaji amejisifia, ama injini ilibadilishwa na kadi ikabaki na habari za injini ya zamani. Mimi nina wasiwasi na hilo la pili, maana gari la umri huo kubaki na injini aliyozaliwa nayo ni bahati. Na ikiwa ni hivyo, sina budi kukuambia kama dada: shughulikia kadi mapema. Siku trafiki akifungua boneti akalinganisha namba, utaeleza kutoka Uvinza hadi Kaliua na dagaa wako wataozea barabarani.

Hakimu wa ugomvi huu ni bloku yenyewe, ule mwili mkubwa wa chuma wa injini. Bati la utambulisho lililopo chini ya boneti, kwenye ule ukuta kati ya injini na kabini, litakuambia gari lilitoka kiwandani na nini. Halisemi kilichofungwa gereji miaka kumi baadaye. Namba ya injini imegongwa kwenye chuma cha bloku ubavuni, karibu na pale bloku inapokutana na silinda hedi. Sasa hivi najua imefunikwa na oili na vumbi la Kigoma. Mwambie fundi aloweshe kitambaa kwa petroli kidogo, injini ikiwa baridi, apanguse, apitishe brashi ya waya taratibu, kisha apake chaki juu ya namba na kuifuta. Chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi na unasoma vizuri hata kwa tochi ya simu. Utaona Z20 au Z24, halafu mfululizo wa tarakimu. Piga picha. Mfululizo huo ndio unaoulinganisha na kadi.

Sasa hizi waya zako kumi za umeme wa plagi ulizoniambia, ambazo fundi anasema kuna mtu "alichezea umeme". Shoga, hakuna aliyechezea! Hapo ndipo niliposimamisha mzigo wako. Injini nyingi za Z kwenye pikapu hizo zilitengenezwa na plagi mbili kwa kila silinda. Silinda nne, plagi nane. Nne zipo upande wa kabureta, ndizo fundi anazoziona, na nyingine nne zipo upande wa pili, upande wa ekzosi, chini kidogo, mahali ambapo mtu asiyejua hana sababu ya kupeleka mkono. Kwenye kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa kila plagi, waya nane zinakwenda kwenye plagi na mbili zinatoka kwenye koili, kwa sababu koili nazo ni mbili. Jumla kumi. Angalia kwenye bodi utaziona koili zote mbili.

Ukiuliza kwa nini Wajapani walijisumbua hivyo, sababu ilikuwa moshi. Sheria za hewa chafu zilikuwa zimekaza, kwao Japani na Marekani pia, wakaamua kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya silinda ili kupunguza joto la mwako. Mchanganyiko wenye moshi ndani yake ni mzito kuwaka. Kwa hiyo wakauwasha kutoka pande mbili kwa mpigo mmoja, kama anayechoma shamba la majani mabichi akiwasha huku na huku.

Na hili linaeleza ile misi, yaani silinda kuruka bila kuwaka, iliyomshinda fundi. Umesema alichomoa waya mmoja mmoja, injini ikiwa inaunguruma, mlio haukubadilika popote, akasema basi ubovu ni kabureta. Kipimo hicho ni kizuri kwa injini ya plagi nne. Kwa hii hakifai, maana ukichomoa waya wa upande mmoja, plagi ya upande wa pili inaendelea kuiwasha silinda ile ile, na mlio unapungua kidogo mno kwa sikio. Inabidi zitoke zote mbili za silinda moja. Azime gari, achomoe waya wa huku na wa kule, aziegemeze ncha kwenye chuma cha injini zisipige cheche hewani, ndipo awashe asikilize. Silinda nzima ikizimwa, injini lazima ilegee. Ile ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa. Silinda ya kwanza ni ya mbele, jirani na radieta, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kabureta msiiguse mpaka hapo. Ukiniuliza mimi, nadhani plagi za upande wa ekzosi hazijatolewa tangu gari lilipoingia nchini, lakini nadhani tu.

Wakati wa kuzitoa, injini iwe baridi kabisa. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na plagi iliyokaa muda mrefu ukiing'oa kwa nguvu kwenye moto inatoka na nyuzi za tundu lake, hapo utalilia gharama ya kuchonga tundu upya. Kwanza apulize vumbi kuzunguka kila plagi lisidumbukie ndani. Afunge kipande cha kitambaa chenye namba kwenye kila waya, kwa sababu waya nane zikichanganyika ni balaa la siku nzima. Kama inakataa kulegea, anyunyize mafuta ya kulegeza kutu, aache mpaka kesho yake. Wewe simamia hapo hapo, usiende sokoni.

Zikitoka, zipange chini kwa utaratibu wa silinda na uziangalie kabla hajaanza kuzipiga brashi. Rangi ya hudhurungi hafifu ni afya. Nyeusi kavu ya masizi ni petroli nyingi, hapo kabureta inaweza kuingia kwenye lawama. Nyeusi yenye oili mbichi ni habari mbaya, oili inapanda au inashuka mahali pasipotakiwa. Nyeupe iliyoungua ni joto kupita kiasi.

Halafu unisomee maandishi ya kila plagi, pande zote mbili, kwa maana aliyetangulia huenda alichanganya. Mathalani ikiandikwa BPR5ES ya NGK, B ni unene wa uzi wa milimita 14, R ni kwamba ina kizuizi cha kupunguza mikwaruzo ya redio, 5 ni daraja la joto, E ni urefu wa uzi, milimita 19. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, kwa hiyo 7 si bora kuliko 5 kwa kuwa ni kubwa, kama wanavyodhani vijana wa hapa stendi. Urefu ndio usiochezewa: ndefu kupita kiasi itagonga pistoni, fupi itajaa masizi. Mwanya wa ncha za plagi kwa injini yako uwe milimita 0.8 hadi 0.9, apime kwa geji, asikadirie kwa jicho. Kufunga aanze kwa vidole mpaka iguse, ndipo amalizie kwa spana, nusu mzunguko tu kwa plagi mpya.

Plagi za bei ya kutupa zilizoletwa hapo mwaloni usinunue hata moja. Boksi linaweza kuwa zuri na ndani pakawa na takataka.

Nitumie picha ya namba ya bloku na za plagi kabla ya Ijumaa jioni, niweze kumpa konda mzigo wa nane kwenye basi la Jumamosi. Fedha ya plagi tutahesabiana baadaye. Kifuniko cha distributa kikiwa kimepasuka niambie na hicho, ila cha matundu kumi sina dukani, itabidi niagize Dar, na hapo utatanguliza hela.

Msalimie mama mkwe.

Ni mimi shoga yako,
Mama Rehema