Wenye maradhi ya utumbo nao wapimwe presha

Ndugu Mhariri,

Nimeusoma ukurasa wa afya wa Jumapili iliyopita, ule wa kiharusi, nikaurudia mara mbili. Presha imetajwa, kisukari kimetajwa, sigara, unene, hata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Utumbo haukutajwa popote, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mdogo wangu ana miaka 41. Kwa miaka mitatu aliharisha damu, akakonda mpaka suruali zake zikawa za kufungwa kwa kamba. Kila zahanati aliyoingia alitoka na jina jipya: amiba, taifodi, vidonda vya tumbo. Mwishowe hospitali ya rufaa ikampima kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, ndipo tukaambiwa ni kolaitisi ya vidonda, uvimbe sugu wa utumbo mpana. Akaanzishiwa dawa, ikiwemo prednisoloni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Nafuu ilikuja haraka, tukamshukuru Mungu. Katika miezi yote ile ya kwenda na kurudi kliniki, hakuna aliyemfunga ule mkanda wa presha mkononi, wala sisi hatukujua kuuomba.

Asubuhi moja alikuwa anatoka bafuni. Kandambili ya mguu wa kulia ikamvuka, naye akaendelea kutembea, mguu mmoja mtupu kwenye sakafu yenye maji, hana habari. Nikamwita. Alipogeuka kunijibu mdomo ulikuwa umeenda upande, na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye tonge kinywani. Jirani aliyefika wa kwanza akasema ni upepo mbaya, apelekwe kwanza kwa mzee fulani. Tukabishana pale mlangoni. Ubishi ule hadi leo nauhesabu kwa dakika, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Tulifika tumechelewa.

Sisemi kwamba utumbo ndio uliomletea kiharusi. Daktari aliyemhudumia alikataa kusema hivyo, na nilimheshimu kwa kukataa kwake. Alichotueleza ni kwamba utumbo ukivimba kwa miaka, athari zake haziishii tumboni. Uvimbe huo husumbua kuta za mishipa ya damu mwili mzima, na damu yenyewe huwa rahisi kuganda. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupata mabonge ya damu miguuni na mapafuni mara mbili hadi tatu kuliko watu wengine, jambo ambalo madaktari wanalijua siku nyingi. Ugonjwa ukichachamaa, kuharisha nako kunamaliza maji mwilini. Halafu kuna prednisoloni: inaokoa, lakini ikitumiwa muda mrefu hupandisha presha na sukari, yaani yale yale mawili mliyoyataja mwanzoni kabisa mwa makala yenu.

Kuhusu kiharusi chenyewe, watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi walichapisha mwaka 2023, katika jarida la Neurology, matokeo ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 85,000 wa uvimbe sugu wa utumbo, wenye Crohn (uvimbe sugu unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula) na wenye kolaitisi ya vidonda, wakiwalinganisha na watu zaidi ya 400,000 wasio na maradhi hayo. Wagonjwa walipata kiharusi kwa asilimia 13 zaidi, hata baada ya kuzingatia presha, ugonjwa wa moyo na unene. Walipolinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja, tofauti ilipungua kidogo tu. Kilichoongezeka ni kile kiharusi cha mshipa kuziba, si cha mshipa kupasuka.

Nisiwatie watu hofu. Kwa hesabu ya watafiti hao hao, katika miaka 25 ni kiharusi kimoja cha ziada kwa kila wagonjwa 93. Ni hatari ndogo, na utafiti wa namna hii huonyesha mambo mawili yakienda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine. Lakini kupima presha ni kazi ya dakika chache. Mtu anayekuja kliniki kila mwezi kwa ajili ya tumbo lake ataondokaje bila kupimwa? Na kwa nini mtu aharishe damu miaka mitatu akipewa dawa za amiba, uvimbe ukiendelea ndani, bila yeyote kumwandikia rufaa?

Ombi langu kwenu ni dogo. Makala ijayo ya kiharusi, muulizeni daktari wa tumbo naye aseme neno. Na wasomaji wenye maradhi haya waambiwe wasikatize dawa zao wenyewe kwa kuogopa niliyoyaandika hapa, maana prednisoloni ikikatizwa ghafla ni hatari nyingine, na utumbo usiotulia ndio tunaoukimbia. Waombe tu mkanda wa presha, na kipimo cha sukari.

Mdogo wangu sasa anatembea kwa fimbo. Juma hili ameanza tena kushika kikombe kwa mkono wa kulia, chai nusu, mimi nikiwa nimekinga kiganja chini yake.

Msomaji wako,
Tanga