Jaribio la bure si ajira

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa sekondari na sijawahi kuwaandikia. Taarifa yenu ya Jumanne, kwamba watengeneza tovuti na programu wa Uganda wana soko la Afrika Mashariki nzima, imenishinda kunyamazia. Itifaki ya Soko la Pamoja, mkataba unaofungulia watu na huduma mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inatumika tangu Julai 2010, na Jumuiya sasa ina nchi 8, sawa. Lakini wahandisi, wahasibu, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wana mikataba ya kutambuana vyeti, sisi hatumo. Kila tunapobisha hodi tunaambiwa tujithibitishe upya, na hapo ndipo tunapoibiwa.

Mwaka jana kampuni moja ya Nairobi iliniita kwenye usaili. Wakataka kwanza niwatengenezee ukurasa wa kuhifadhi vyumba vya hoteli, unaokokotoa siku na bei na kupokea malipo ya simu. Siku tano. Nilikesha hapa Tororo, Uganda, umeme ukikatika nahamia kwa jirani mwenye sola, bando nikanunua mara tatu. Nikautuma Ijumaa alfajiri. Jumatatu nikapata mstari mmoja: nafasi imejazwa, tutakukumbuka. Wiki sita baadaye rafiki yangu akanitumia anwani ya hoteli moja ya pwani. Nikafungua msimbo wa ukurasa ule, yaani maandishi ya programu yanayouendesha. Mimi vigezo vyangu, yaani vile vinavyobeba thamani ndani ya msimbo, huvipa majina ya Kiswahili, mazoea ya tangu chuoni. Vilikuwamo vyote: idadiYaWageni, beiKwaUsiku, na kile nilichokosea herufi kwa usingizi, jumlaYaSkiu. Hata kosa langu hawakulisahihisha! Nikawapigia mara nne. Mara ya nne aliyepokea akaniuliza kama nina mkataba. Mkataba ningeutoa wapi, na wao ndio walioninyima kazi?

Na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Kabla ya hapo tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kuingia mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa. Mteja wa ng'ambo hajui habari za kura zetu. Anachojua ni kwamba umempotea. Vijana tunahimizwa tujiajiri mtandaoni, kisha mtandao unatozwa kama pombe.

Jaribio lolote linalozidi saa 2 lilipiwe kabla halijaanza, shilingi 50,000 za Uganda kwa siku, kwa simu, na kazi isitumike popote bila saini ya aliyeifanya. Mawaziri wa Jumuiya wakikutana Arusha waliandike hilo, liwabane wa Nairobi, Kigali na Kampala sawasawa. Nanyi, Mhariri, mkiandika tena kuhusu nafasi hizi, waulizeni kwanza waliofanya majaribio: wangapi walilipwa?

Mtengeneza tovuti,
Tororo